Uso wa Saa na Moyo wa Saa: Kuiga na Kubuni katika Ufundi Wetu

Neno "kuiga" limepata jina baya miongoni mwetu, na neno "asili" limepata sifa isiyokaguliwa. Mtu akitaka kumtweza msanii husema kwamba ameiga. Akitaka kumtukuza husema kwamba kazi yake ni ya asili. Hukumu hizi mbili hutolewa katika mikutano, katika mashindano ya ngoma na katika maduka ya vinyago, bila watoaji wake kujiuliza ni kitu gani hasa kilichoigwa, na asili inayosifiwa ni asili ya nini. Makala haya yanazipinga hukumu hizo. Kuiga si aibu. Lakini ziko namna mbili za kuiga. Iko namna ya kuiga uso wa kitu, na iko namna ya kuiga moyo wake. Ya kwanza huzaa utumwa, hata pale kinachoigwa kinapokuwa chetu wenyewe. Ya pili huzaa ubunifu, hata pale kinachoigwa kinapokuwa cha mgeni.

Ili hoja hii isielee hewani, tutaipima kwa vitu viwili vidogo vinavyoshikika mkononi: ilimba ya Wagogo na saa ya kamani. Wako watakaoona ajabu kuviweka vitu hivi pamoja. Kimoja, watasema, ni chombo cha muziki cha watu wa uwanda wa kati. Kingine ni mtambo wa Wazungu. Basi na waifungue saa waitazame. Ndani yake mna gurudumu dogo linalokwenda mbele na kurudi nyuma bila kuchoka, nalo huongozwa na utepe wa chuma mwembamba kama unywele, uliojiviringa kama mkia wa kinyonga. Sehemu ya utepe inayocheza ikifupishwa, saa huenda mbio. Ikirefushwa, saa huchelewa. Fundi anapokisogeza kile kishikizo kidogo ili kuitia saa majira, hafanyi jambo jingine ila kubadili urefu huo.

Sasa na waichukue ilimba. Juu ya sanduku la mti lililochongwa likawa na uwazi ndani, zimepangwa ndimi za chuma, zikalazwa juu ya vizingiti na kubanwa zisitoke. Ulimi ukisukumwa ndani, sehemu inayotetemeka hupungua, na sauti hupanda. Ukivutwa nje, sauti hushuka. Kanuni ni ile ile moja: chuma kinachonesa hutetemeka kwa kipimo, na kipimo hicho hutawaliwa na urefu. Fundi saa hukisoma kipimo hicho katika mwendo wa akrabu. Fundi wa ilimba hukipima kwa sikio. Tena huyu wa pili hutoboa tundu katika sanduku na kulifunika kwa utando wa buibui, ili kila sauti ipate mvumo wake. Huo ni utundu wa mtu aliyechunguza, akajaribu, akakosea, akajaribu tena. Aliyeyafanya haya hakuwa mgeni katika elimu ya mitambo. Alikuwa ndani ya nyumba yake.

Jambo hili likikubaliwa, hatuna budi kugombana na makundi mawili ya watu, ambayo kwa nje yanaonekana kupingana, lakini kwa ndani ni ndugu wa tumbo moja.

Kundi la kwanza ni la walinzi. Hawa husema kwamba ilimba ya kweli ni ile iliyoundwa na mababu, na kwamba anayeongeza ulimi mmoja au kubadili chuma ameharibu urithi. Laiti wangewauliza mababu wenyewe! Ndimi za zamani zilifuliwa kwa chuma kilichoyeyushwa katika tanuru za nchi hii. Viwanda vya nje vilipoleta misumari, mafundi waliichukua misumari, wakaiponda ikawa bapa. Zilipoletwa baiskeli na miavuli, wakazichukua njiti zake pia. Hakuna aliyewapa ruhusa, wala hakuna aliyefikiri kwamba uasilia wa ilimba unakaa katika madini yake. Walijua kwamba unakaa katika mlio wake, katika mpangilio wa sauti zake, na katika namna vidole gumba viwili vinavyojibizana.

Mfano ulio wazi ni marehemu Hukwe Zawose, Mgogo aliyefariki Bagamoyo mwaka 2003, baada ya kulipigia taifa muziki tangu miaka ya 1960 na kufundisha katika Chuo cha Sanaa kilichoanzishwa mjini humo mwaka 1981. Zawose hakuridhika na vyombo kama alivyovikuta. Aliunda ilimba kubwa zenye ndimi nyingi kuliko za kawaida, na mazeze yenye nyuzi kupita zile walizozoea wazee wake. Je, alikuwa mwigaji au mbunifu? Alikuwa yote mawili. Aliiga kwanza, tangu utotoni, akaiga mpaka mkono wake ukajua bila kuambiwa. Na kwa kuwa aliiga moyo wa chombo, alipoubadili mwili wake chombo kilibaki kuwa kile kile. Walinzi wangekuwa na nguvu ya kutoa amri, dunia isingemjua Zawose, na Ugogo ungebaki na ilimba moja iliyofungiwa katika kabati la kioo, imepigwa lebo, haipigwi.

Kundi la pili ni la wachuuzi. Hawa hawana ugomvi na mabadiliko, maana hawajui kinachobadilika. Kwao ilimba ni kibao chenye vyuma vilivyopangwa mstari, kikapakwa rangi na kuchorwa twiga, kikauzwa kwa msafiri atakayekitundika ukutani. Ukikishika na kukigusa, kinalia kama kopo lililoanguka. Uso wa ilimba upo wote, moyo haupo. Hata hivyo, bidhaa ya namna hii ndiyo inayopewa jina la sanaa ya asili, na fundi aliyetumia siku nyingi akisogeza ulimi mmoja kwa upana wa ukucha huambiwa kwamba bei yake ni kubwa mno.

Wako pia wachuuzi walio na elimu zaidi, na hao ni wa hatari zaidi. Hawa hutaka ilimba ipangwe sauti zake zilingane na kinanda cha kiwandani, ili iweze kupigwa pamoja na gitaa bila kukwaruzana. Hapa yafaa tusimame kidogo tueleze kinachopotea. Ukiugusa wayo wa zeze kwa wepesi katika nusu yake, kisha katika theluthi, kisha katika robo, na kuendelea, utasikia sauti ndogo ambazo zilikuwa zimejificha ndani ya ile sauti kubwa. Sauti hizo hazikutungwa na mtu. Zimo katika maumbile ya kila wayo. Gerhard Kubik, mtafiti wa muziki kutoka Austria, alionyesha kwamba muziki wa Wagogo umejengwa juu ya sauti hizo za maumbile, kuanzia ile ya nne na kupanda mpaka ile ya tisa au ya kumi. Kinanda hakikujengwa hivyo. Ngazi yake imekatwa vipande kumi na viwili vilivyo sawa, kwa sababu za kufaa za wenyewe Wazungu. Ile sauti ya saba ya maumbile, iliyo tamu sana katika kuitikiana kwa waimbaji wa Ugogo, haimo katika kinanda: iko chini ya sauti iliyo jirani yake kwa karibu theluthi ya nusu toni. Basi anayeipanga ilimba kwa kinanda hasahihishi kosa. Anaondoa kipimo kilichopatikana kwa kusikiliza maumbile, na kuweka mahali pake kipimo cha makubaliano ya watu wengine, kisha analiita tendo hilo maendeleo.

Mlinzi na mchuuzi, basi, wamekutana. Wote wawili wanatazama uso. Mmoja anaufungia, mwingine anauuza.

Hebu sasa tutazame wenzetu walivyoiga, ili tusije tukadhani kwamba kuna taifa lililobuni bila kwanza kufuata nyayo za mwingine. Katika karne ya 18, John Harrison, mwana wa seremala wa Kiingereza, alitumia maisha yake kutafuta saa itakayotunza majira baharini, ili nahodha ajue yuko wapi upande wa mashariki na magharibi. Saa yake ya nne, aliyoikamilisha mwaka 1759, iliifanya kazi hiyo. Lakini wakubwa waliokabidhiwa tuzo walisita: huenda, walisema, ni bahati tu, kitu kisichoweza kufanywa mara mbili. Ndipo fundi mwingine, Larcum Kendall, alipoagizwa aiige. Aliifungua, akaisoma kipande kwa kipande, na mwaka 1769 akawa amekamilisha ya pili yake. Nahodha James Cook alisafiri na saa hiyo ya mwigo kati ya mwaka 1772 na 1775, akarudi akiisifu. Tazama basi: kilichothibitisha ubunifu wa Harrison ni mwigo wa Kendall. Na Kendall, baada ya kuelewa, aliunda nyingine mbili akijaribu kuzifanya nyepesi na za bei nafuu. Mwigo ulikuwa shule.

Wajapani nao walipopata saa za mtambo katika karne ya 16, kwa mikono ya wamisionari wa Ulaya, hawakuzipokea kama zilivyo. Wao waligawa mchana mafungu sita na usiku mafungu sita, na mafungu hayo yalirefuka na kufupika kwa kufuata majira ya mwaka. Saa ya Ulaya haikujua jambo hilo. Mafundi wa Kijapani hawakuwaambia watu wao wabadili siku zao ili zifae saa; waliibadili saa ifae siku za watu. Waliziundia saa hizo mizani miwili, mmoja wa mchana na mmoja wa usiku, wakaendelea hivyo hadi serikali yao ilipochukua hesabu ya Ulaya mwaka 1873. Kintaro Hattori alipofungua kiwanda chake cha saa Tokyo mwaka 1892, hakuanza na mikono mitupu. Kiwanda hicho kilianza kwa kufuata mifano ya nje. Lakini mwaka 1969 warithi wake, kwa jina la Seiko, ndio waliouza saa ya kwanza ya mkononi ya kwatzi, wakautikisa ufundi wa Uswisi mpaka misingi.

Nako huko Uswisi, mtikisiko ulipofika, kazi za saa zilipungua kutoka watu wapatao 90,000 mwaka 1970 hadi kiasi cha theluthi moja tu katikati ya miaka ya 1980. Ingaliweza kudhaniwa kwamba saa ya kamani imekufa. Lakini mwaka 1985 Svend Andersen na Vincent Calabrese walianzisha chama cha mafundi waliojitegemea, watu walioketi kila mmoja katika karakana yake wakiunda saa chache kwa mikono yao. Huko Uingereza George Daniels alikuwa amekwisha kuionyesha njia. Alizichunguza na kuzitengeneza saa za Breguet, fundi mkuu wa Paris, mpaka akazijua kama mwana anavyoijua sauti ya babaye. Kisha katika miaka ya 1970 akabuni namna mpya ya kuliachia gurudumu jino moja moja, isiyohitaji mafuta mengi kama ile ya zamani. Uigaji wa moyo ulimfikisha pale ambapo hapakuwa tena na wa kumwiga.

Na tugeuke sasa tujitazame wenyewe. Reli ya kati ilipofika Dodoma mwaka 1910, ilileta ratiba, na ratiba ilileta saa. Tumeishi na saa kwa zaidi ya karne moja. Tumefanya nini nayo? Lugha yetu imeipokea kwa heshima kubwa. Tuna kamani, tuna akrabu, tuna kuitia saa ufunguo. Na neno "majira" lenyewe, ambalo mabaharia wa pwani walilitumia kwa njia ya chombo baharini, tulilipa saa inayokwenda sawasawa. Lakini uso wa saa tumeuacha kama ulivyokuja. Kila siku mtu wetu hutazama akrabu fupi iliyosimama penye saba, akatamka bila kusita kwamba ni saa moja. Macho yanasoma hesabu ya mgeni, kinywa kinatamka hesabu ya kwetu, na katikati yake akili inafanya kazi ya ukalimani bila ujira.

Hesabu yetu haina upungufu wowote. Inaanza siku jua linapochomoza, na katika nchi iliyo karibu na Ikweta hakuna hesabu iliyo ya busara kuliko hiyo. Dodoma iko kiasi cha nyuzi 6 kusini mwa Ikweta, na tofauti ya mchana mrefu na mchana mfupi wa mwaka haifiki saa moja. Mjapani alihitaji mizani miwili ili saa yake ifuate jua. Sisi tungehitaji kuzigeuza namba nusu duara tu. Waethiopia, majirani zetu, wanahesabu kama sisi, na wengi wao huzitegesha saa zao kwa hesabu hiyo bila haya.

Tutaambiwa kwamba hesabu ya kimataifa ndiyo ya kisayansi. La hasha. Ni makubaliano, na ni makubaliano ya manufaa. Majira rasmi ya Tanzania hufuata mstari wa longitudo ya nyuzi 45 mashariki, ambao haupiti popote katika ardhi yetu. Ndiyo maana jua la Dodoma hufika juu kabisa kati ya dakika 20 na 50 hivi baada ya saa kutangaza adhuhuri. Hatusemi makubaliano hayo yavunjwe; treni na ndege zinayahitaji. Tunasema tu kwamba aliyekubali jambo kwa manufaa asilisujudie kama ukweli.

Wala asije mtu kesho akazinunua saa za nje kwa kontena, akageuza namba usoni mwake, akaziuza kwa jina la saa za taifa. Huo ungekuwa uchuuzi ule ule wa ilimba yenye twiga. Kinachotakiwa ni mkono unaoweza kuifungua saa, kuielewa, kuibadili, na mwishowe kuiunda. Mkono huo tunao, nasi tunauacha ukauke. Yuko fundi saa anayeketi barazani mbele ya kijimeza chake, kioo jichoni, kibano mkononi. Tangu simu ya mkononi ilipoichukua kazi ya saa, wateja wake wamekuwa wa kubadilisha betri na mikanda. Elimu aliyo nayo ya vipimo vidogo kuliko unywele haiandikwi popote wala hairithiwi na yeyote. Na huyo anayepanga ndimi za ilimba hali yake si bora. Wanafunzi wa ufundi stadi hupita mbele ya wote wawili wakienda kusoma mitambo katika vitabu.

Tena mafundi hawa hawana majina. Breguet alichora saini ya siri katika saa zake, ili waghushi wasimwibie heshima. Katika makabati yetu ya makumbusho ilimba huandikwa "Wagogo", kana kwamba kabila zima lilikaa pamoja likachonga kibao kimoja. Kabila haliundi ilimba. Huiunda mtu mmoja, mwenye sikio lake na ukaidi wake, naye ana haki ya kujulikana. Pasipo jina, hakuna wa kusifiwa kwa kubuni wala wa kulaumiwa kwa kughushi, na ubishi wote kuhusu uasilia hubaki maneno matupu.

Mwalimu Nyerere alipotangaza Desemba 1962 kuundwa kwa wizara ya utamaduni, alieleza wazi kwamba kuufufua utamaduni wetu hakuna maana ya kukataa kujifunza kwa wengine, na kwamba kujifunza kwa wengine hakuna maana ya kuacha kilicho chetu. Tumeirudia hoja hiyo katika hotuba nyingi. Katika karakana hatujaifikisha.

Yapo mambo ya kufanya, na hayahitaji mali nyingi. Vyuo vya ufundi stadi na viwaalike mafundi saa na mafundi wa ilimba wafundishe katika chumba kimoja, maana wanashughulika na kanuni moja. Sauti za ilimba zinazopangwa na wazee walio hai na zirekodiwe na kupimwa ulimi kwa ulimi, kabla hazijafunikwa na kinanda. Waamuzi wa mashindano na waache kuuliza kama chombo kinafanana na cha zamani. Na waulize kama kinalia, na kama aliyekiunda anaweza kueleza kwa nini. Jina la fundi na lichongwe juu ya kazi yake. Na katika Dodoma, ambayo chama kiliamua mwaka 1973 iwe makao makuu, na ambayo sheria ya mwaka 2018 imeitambua kuwa hivyo, na isimamishwe saa ya umma iliyoundwa na vijana wetu, inayohesabu siku tangu macheo, na inayogonga kwa sauti za ilimba zilizopangwa kwa sikio la Ugogo.

Saa hiyo ya kwanza huenda ikachelewa. Ikichelewa, waliounda watajua ni jino lipi la kusugua na ni utepe upi wa kufupisha. Saa ya kununuliwa ikisimama, tutabaki tukiitazama chini ya mnara, tukimngoja mwenye nayo aje kutoka ng'ambo.